Tumeazimana matumizi ya sikukuu, vipimo tukawaachia wenyewe

MHARIRI,

Kila msimu wa sikukuu ukikaribia, kurasa za barua hujaa lawama za namna moja. Mwislamu huandika kwamba Idd imegeuzwa Krismasi kwa taa na vikapu vya zawadi. Mkristo hujibu kwamba Krismasi yenyewe imemezwa na maduka. Mtu wa mwambao husema ubadhirifu umeletwa na watu wa bara, na mtu wa bara naye hushangaa jirani yake wa chumba kimoja kule Kisauni anavyoshonesha watu sita kitambaa kimoja ilhali kodi ya mwezi haijalipwa. Kila mmoja ana chembe ya ukweli, na wote wamekosea mahali pamoja.

Tunaoandika ni fundi cherehani, mpishi wa shughuli na mweka hazina wa chama cha kuweka akiba, hapa Mombasa. Pesa za sikukuu za Waislamu, Wakristo na Wahindi hupita mikononi mwetu. Tunaloliona ni kwamba kila jamii ya mji huu ina kipimo chake cha matumizi ya sikukuu, tena kipimo cha namba, kilichowekwa zamani na watu waliojua tamaa ni nini. Tulichofanya sisi wa leo ni kuazimana matumizi. Vipimo hakuna aliyeviazima.

Tuanze na Idd-ul-Fitr, maana ndiyo inayolalamikiwa zaidi mjini. Mali inayodaiwa siku ile ni zakatul-fitri: pishi moja ya chakula kinacholiwa mjini, kwa kila kichwa, mtoto mchanga akiwemo. Pishi ni vibaba vinne. Kwa mizani ya leo watu huhesabu kati ya kilo mbili na nusu na kilo tatu. Nyumba ya watu sita basi inadaiwa kilo 15 hadi 18 za mchele, zifike kwa mwenye haja kabla ya swala ya Idd. Zikifika baada ya swala zinahesabiwa sadaka kama sadaka nyingine. Deni limekwisha hapo. Kuhusu mavazi, suna ni mtu avae nguo iliyo bora katika alizo nazo. Neno "mpya" limeongezwa na sisi mafundi na wenye maduka, na hatuoni haya kukiri.

Kipimo cha Idd-ul-Adha ni cha wazi vile vile, na ndicho kinachovunjwa vibaya zaidi. Udhia, mnyama anayechinjwa sikukuu hiyo, ni kwa mwenye uwezo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu pwani, mbuzi mmoja hutosha mtu na nyumba yake, ng'ombe hushirikiwa na watu saba. Mbuzi awe ametimiza miaka miwili, kondoo mwaka mmoja, na asiwe chongo, kilema, mgonjwa wala kakonda kwa kuonekana. Kuchinja huanza baada ya swala na khutuba na kuendelea mpaka jua la siku ya 13 ya Mfunguo Tatu litue, kwa hiyo hakuna sababu ya watu wote kumgombea mchinjaji mmoja saa tatu asubuhi. Ngozi haiuzwi, wala hapewi mchinjaji kuwa ujira wake. Sasa tazama mnadani. Mtu amekopa ili asionekane hana mbuzi, akanunua haraka, akapewa beberu mchanga aliyelishwa chumvi na kunyweshwa maji hadi tumbo likatuna. Namna ya kumjua ni kumfungua mdomo: mbuzi aliyekaribia au kutimiza miaka miwili ana meno manne makubwa ya mbele katika taya la chini. Akiwa na mawili tu, bado. Akiwa na vijino vidogo vitupu, huyo ni mtoto, na aliyemnunua kwa mkopo amekosa udhia na amepata deni. Wala hakulazimika.

Nguo ndiyo kazi yetu, kwa hiyo tutakaa hapo kidogo.

Kanzu ya mtu mzima wa kimo cha kati, kwa kitambaa cha upana wa mita moja na nusu, hula mita tatu. Akiwa mrefu, tatu na robo. Mtoto wa miaka minane hula kama mita mbili. Dera la mama ni tatu na nusu. Baba, mama na watoto wanne wakitaka sare, hesabu yake ni mita 14 na nusu, na lazima zikatwe jora moja, kwa kuwa rangi ya jora moja na ya jingine hailingani sawasawa hata namba ya kiwandani ikiwa ile ile. Ukipungukiwa mita mbili ukarudi Biashara Street kununua jora la pili, ndani ya duka hutaona tofauti. Utaiona uwanjani Makadara juani, na kamera ya simu itaiona kabla yako. Hapo mama mwenye sare atarudi kwa fundi akisema kitambaa kimebadilishwa.

Kosa la pili ni la wakati. Fundi mmoja hukamilisha kanzu mbili au tatu kwa siku, zikiwa hazina tarizi. Ikifika mwezi 20 wa Ramadhani ameshapokea arubuni za kazi zisizoweza kuisha katika siku zilizobaki, lakini ni nadra umsikie akisema hapana. Hugawa kazi kwa wanagenzi. Ukosi hukaa upande, vifungo hushonwa kwa uzi wa mkono mmoja vikadondoka msikitini, na pamba haipati nafasi ya kurowekwa. Hilo la kurowekwa si dogo. Pamba tupu hunywea asilimia tatu hadi tano ikifuliwa mara ya kwanza. Kwenye kanzu ya sentimita 140 hiyo ni sentimita nne hadi saba. Kanzu iliyofika kifundoni siku ya Idd hufika muundini wiki ya pili, na mtu husema amelaaniwa na fundi. Kitambaa kilowekwe usiku kucha, kianikwe kivulini, ndipo kikatwe. Anayetaka hilo alete kitambaa kabla ya nusu ya Shaaban.

La tatu ndilo linalogusa mada ya barua hii. Kati ya Idd mbili mna siku 70 hivi tu. Kanzu ya mtoto ikishonwa na upindo wa sentimita tano chini na tatu mikononi, inafumuliwa na kumvusha Idd ya pili, na kwa mtoto asiyekua mbio hata Idd-ul-Fitr ya mwaka unaofuata. Gharama ya upindo huo ni kitambaa cha shubiri moja. Zamani wazazi walikuwa wakiudai wenyewe. Sasa wanauliza kwa nini chini pazito. Sababu ni picha: nguo ikishapandishwa kwenye simu imeshakuwa kuukuu, hata kama imevaliwa saa nne. Na sare yenyewe haikutoka kwenye Idd wala kwenye Krismasi. Imetoka harusini, ambako ina maana yake, kwa kuwa inaonyesha nani ni wa upande gani. Siku ya Idd upande ni mmoja.

Linganisha na leso. Mume kumpa mkewe leso siku ya sikukuu ni desturi ya mji huu iliyotangulia picha zote. Leso huuzwa jozi, hukatwa na kupindwa nyumbani, ina jina lake la kusomwa, na maisha yake ni marefu: itavaliwa, itabeba mtoto, itafunika chungu, mwishoni itafutia meza. Anayesema Waswahili hawakuwa na zawadi za sikukuu mpaka maduka yalipokuja, hajui leso. Zawadi ilikuwepo na ilikuwa na kiasi.

Tukija jikoni, kipimo cha pilau ya watu 20 ni kilo mbili na nusu za mchele, kilo tatu za nyama yenye mifupa, kilo mbili za viazi, kilo moja ya vitunguu, na bizari ya pilau kwa kadiri ya mpishi. Siku ya kawaida inatosha na ukoko unabaki. Siku ya Idd watu hupika kilo nne hadi tano kwa watu hao hao, kwa kuogopa aibu ya sufuria kukauka mgeni angali mlangoni. Hesabu sahihi ni kinyume chake. Siku hiyo kila nyumba imepika, na mgeni anayeingia kwako saa nane ameshapita nyumba tatu, akala tambi ya kwanza, mahamri ya pili na biriani ya tatu. Atakula vijiko vitano kwa heshima. Pika pungufu ya siku ya kawaida, usizidishe.

Kinachobaki ndicho kinachofuatwa na maradhi. Joto la Mombasa na unyevu wake haviwi rafiki wa wali. Ukiacha sufuria imefunikwa mpaka usiku ili "ipashwe kesho", ndani mna uvuguvugu wanaoupenda vijidudu vya wali, ambavyo mbegu zake huvumilia mchemko, na sumu wanayoitoa haiondoki kwa kupasha moto. Kwa hiyo tumbo la Idd pili usimsingizie jirani. Tandaza wali kwenye sinia pana, upoe, uingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Usipokuwa na friji, mpelekee mwenye haja ungali wa moto.

Hapo ndipo ilipokuwa na akili ile desturi ya kupelekeana sahani. Sahani ya kaimati ilivuka ukuta kwenda kwa jirani Mkristo, na kwa kuwa sahani hairudi tupu, siku ya Krismasi ilirudi na chapati. Kiasi kilipimwa na sahani yenyewe. Siku hizi mahali pake pameshikwa na kikapu kilichofungwa karatasi ya nailoni na utepe, ndani mna tende pakiti moja, tambi, biskuti, kopo la maziwa na chupa ya sharubati. Mtu akinunua vitu hivyo kimoja kimoja sokoni Marikiti ataona kiasi gani amelipia utepe. Kikapu hakirudi na chapati. Hurudi na kikapu kikubwa zaidi, na mwaka ujao kikubwa kushinda hicho. Kuna ule msemo wa kumwiga ndovu, ila tunajua mhariri atauchuja.

Bei za siku za mwisho nazo zina sababu yake, wala si roho mbaya ya wachuuzi peke yake. Usiku wa mwezi 29 muuza nyanya hajui kama kesho ana wateja au ana makasha ya nyanya zinazooza, kwa sababu mwezi haujaandama. Hatari hiyo huitia ndani ya bei. Majirani zetu Mabohora, Waislamu wa Kishia wenye asili ya Kigujarati, hawana shida hii: kalenda yao ni ya hesabu, miezi ya siku 30 na 29 kwa kupokezana, Ramadhani siku 30 kila mwaka, na katika miaka 30 kuna 11 inayoongezwa siku moja. Wanaijua tarehe ya Idd yao miaka kumi mbele, hununua bila kukimbizana. Hatusemi Sunni waache kuangalia mwezi. Tunasema mchele, sukari, mafuta, tambi na bizari haviozi, na anayevinunua kabla ya mwezi 20 amebakiwa na nyanya, nyama na nazi tu za kununua kwa bei ya wasiwasi. Nyumba ambayo baba anafuata tangazo la Makka na mama anafuata mwezi wa hapa ina sufuria mbili kwa siku mbili, na hiyo mwenye nyumba aijue mapema badala ya kuigundua jioni.

Na jambo jingine la kalenda. Zanzibar sikukuu ya Idd huchukua siku nne, na viwanja vya watoto hufunguliwa siku zote hizo. Kwetu mapumziko ni siku moja. Ziara za siku nne tunazibana katika mchana mmoja: Mji wa Kale, Majengo, Likoni kwa feri, kisha Bamburi. Nyumba ambayo ingetembea kwa miguu kwa siku nne inalipa tuktuk kwa siku moja. Hakuna sheria inayomkataza mtu kumtembelea shangazi yake Idd tatu.

Sasa Krismasi. Anayesema ni kitu cha bara asome historia ya mwambao. Rabai ilikuwa na kituo cha wamisionari Krapf na Rebmann mwaka 1846, na Frere Town iliundwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kuna koo za pwani zilizokuwa zikisherehekea Krismasi kabla reli haijawekwa. Kilicholetwa na bara ni safari. Desemba mji huu hupishana wenyewe kwa wenyewe: anayeishi Changamwe hupanda basi Mwembe Tayari kwenda kwao magharibi mwa nchi, na wa Nairobi hushuka kuja kuogelea ufukweni Pirates. Nauli hupanda pande zote, na makosa yake tunayajua kwa moyo. Mtu hununua tiketi ya kwenda tu. Hubeba unga, mafuta na sukari ambavyo vingenunuliwa mjini karibu na kwao bila kulipiwa mzigo. Hugawa pesa kwa kila anayemwita "mtu wa Mombasa", kisha tarehe 3 Januari anapiga simu mjini kuomba nauli ya kurudi. Tiketi ya kurudi inunuliwe siku ile ile ya kwenda. Kuhusu chapati, pakiti ya unga ya kilo mbili hutoa chapati 25 hivi, kwa hiyo familia ya watu 15 haihitaji bunda zima.

Kipimo cha Wakristo kiko wapi? Kiko kwenye Majilio, Jumapili nne kabla ya Krismasi, ambazo kwa asili ni majira ya kujizuia na kungoja. Kanisani zinasomwa, sokoni hazijulikani. Badala yake tumepokea Ijumaa Nyeusi, ambayo Marekani hufuata Alhamisi ya nne ya Novemba, siku yao ya shukrani. Sisi hiyo Alhamisi hatuna, tumechukua mnada wa kesho yake tu. Waarabu angalau walibadilisha jina wakaiita Ijumaa Nyeupe, kwa heshima ya siku ya swala. Bei ni zile zile.

Majirani zetu wa kaskazini, Waethiopia wa Orthodoksi, wana mambo mawili ya kuigwa ambayo hatujui kwa nini hayavuki mpaka wakati vitambaa vyao vyeupe vinavuka. Krismasi yao ni tarehe 7 Januari, na kabla yake hufunga siku kama 43 bila nyama, maziwa wala mayai. Mfuko wa nyama umekaa kimya wiki sita ukikusanya nguvu. Sikukuu ikifika, nyumba kadhaa za mtaa mmoja huchangia ng'ombe mmoja, desturi waiitayo kircha: huchinjwa, nyama hugawanywa mafungu yaliyolingana, kila fungu likiwa na paja lake, ini lake na mfupa wake, kisha hupigwa kura nani achukue lipi. Kura inaondoa ugomvi wa nani kapewa mnofu. Ndugu wa Mishomoroni wanaonunua mbuzi watano kwa nyumba tano zilizopangana wangefanya hivyo na wasingepungukiwa kitu.

Kwa Wahindi wa mji huu hatuna budi kukaa, kwa sababu ndio wanaodhaniwa wapenda mali kuliko wote, na sikukuu yao ya Diwali inamtukuza Lakshmi, mwenye neema ya utajiri, bila kuficha. Siku mbili kabla, Dhanteras, hununuliwa dhahabu au chombo cha shaba. Taa huwashwa, fataki hulia, vitamu vya laddu hugawiwa. Yote hayo tumeyaazima: fataki zao ndizo za mwaka mpya wetu ufukweni, taa zao zimepanda kwenye vibaraza vyetu. Lakini kiini cha Diwali ya mfanyabiashara wa Kigujarati ni chopda pujan, ibada ya daftari za hesabu. Daftari la mwaka linafungwa. Anayedai na anayedaiwa wanajulikana. Daftari jipya linawekwa mbele ya madhabahu, ukurasa wa kwanza unaandikwa maneno ya baraka, na ndipo mwaka mpya wa kalenda yao ya Vikram huanza. Ule wa 2082 ulianza Oktoba 2025. Maduka mengi hayafunguliwi rasmi mpaka siku ya tano, Labh Pancham. Siku hizi wengine huweka kompyuta pale palipokuwa na daftari jekundu, na maana haikubadilika: huwezi kusherehekea mali kabla ya kujua unayo kiasi gani. Hili ndilo tuliloliacha dukani kwao wakati tukibeba fataki.

(Tena kisheria Diwali ni mapumziko kwa Wahindu peke yao. Sikukuu isiyotupa hata siku ya kupumzika imetupa taa.)

Wazee wa Kiswahili nao walikuwa na hesabu yao. Mwaka wa jua wa siku 365, ukihesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, ulianza kwa siku ya mwaka, ile ambayo Makunduchi, Unguja, bado wanaiogea. Mkulima alijua muongo wa ngapi apande, na baharia muongo wa ngapi afunge safari. Jirani Mgiriama alikuwa na juma la siku nne, na jumwa ilikuwa siku ya kupumzika na kwenda gulioni. Kupumzika na kununua vilipangwa kwenye kalenda, havikungoja tangazo la redio.

Turudi kwenye pesa zenyewe, maana hapa ndipo sikukuu inapovuka kutoka furaha kuwa deni. Mikopo ya simu kama M-Shwari hutoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Tuseme mtu amechukua shilingi 20,000 tarehe 20 Desemba. Ada ni 1,500, na siku ya kulipa ni tarehe 19 Januari, shule zikiwa zimefunguliwa na karo inadaiwa. Hawezi. Anaongezewa siku 30 na ada nyingine juu ya baki. Kufikia katikati ya Februari amelipia sikukuu zaidi ya 3,000 juu ya ile 20,000, na pilau imeshasahauliwa. Pesa hiyo hiyo ikiwekwa chamani kwa majuma 50 ni shilingi 400 kwa juma.

Vyama vyenyewe vina kosa moja la kiufundi. Vingi hugawa pesa Desemba, kwa sababu vimeigwa kutoka vya Wakristo. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idd huwahi kwa siku hizo kila mwaka. Chama cha Waislamu kinachogawa kwa tarehe moja ya Kizungu hujikuta baada ya miaka mitatu kimechelewa mwezi mzima, na wanachama wameshakopa kwingine. Tarehe ya kugawa ihesabiwe kwa mwezi wa Kiislamu, wiki tatu kabla ya sikukuu: ikikaribia zaidi ya hapo pesa hukutana na bei za wasiwasi, ikitangulia sana pesa huliwa kabla.

Kwa nini tunasema haya sasa? Kwa sababu kalenda zinakutana. Mwaka 2000 Idd-ul-Fitr ilikuja siku mbili tatu baada ya Krismasi, na mafundi wenye umri wanakumbuka msongamano wake. Mzunguko ni wa miaka 33 hivi. Mwaka 2033 Idd-ul-Fitr itaangukia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena karibu na tarehe 23 Desemba, siku mbili kabla ya Krismasi. Ramadhani ya pili itafunika karibu Majilio yote. Biashara Street itapokea vitambaa vya jamii mbili kwa wakati mmoja, basi za Mwembe Tayari zitajaza wanaokwenda na wanaokuja, nyanya itanunuliwa na sufuria zote, na nyuma yake karo ya Januari 2034. Nyumba za mchanganyiko, ambazo Mombasa ni nyingi, zitakuwa na sikukuu mbili juma moja. Upande mmoja wa jambo hili ni mzuri kupita kiasi: sahani zitavuka ukuta pande zote mbili siku zile zile. Upande wa pili unataka chama kilichoanza mapema, nguo moja ya mtoto iliyo na upindo, na ng'ombe mmoja wa nyumba saba.

Ombi letu kwa gazeti ni dogo. Wiki tatu kabla ya kila sikukuu, Idd zote mbili, Diwali, Krismasi na Pasaka, chapisheni jedwali la bei za Marikiti na Kongowea kila juma: kilo ya nyanya, kilo ya vitunguu, nazi moja, kilo ya mchele, kilo ya nyama ya mbuzi, mita ya pamba, na nauli ya basi kutoka Mwembe Tayari. Wekeni pembeni bei za mwaka uliotangulia kwa umbali ule ule wa siku kabla ya sikukuu, wala si kwa tarehe ile ile, maana kwa Idd tarehe hudanganya. Sisi tutaleta bei za kitambaa na za kukodi masufuria kila Alhamisi, bila malipo.

Fundi cherehani, mpishi wa shughuli na mweka hazina wa chama,
Mombasa